Hedifoni Saba na Amplifaya Tano Sebuleni Upanga

Jumamosi moja ya mwezi Julai, wakati kipupwe kinapoipunguzia Dar es Salaam joto kiasi cha mtu kuweza kufunika masikio kwa saa nzima bila kulowa jasho, tulikutana watu tisa sebuleni kwa mwenzetu Upanga, kila mmoja na hedifoni zake mkobani, na baadhi yetu na amplifaya zilizofungwa kwa taulo. Hapakuwa na muuzaji wala tangazo la biashara. Wengi wetu tulikuwa tumenunua vifaa hivi bila kuvisikia kwanza, kwa kuagiza mtandaoni au kwa kumtuma ndugu anayerejea kutoka nje, na hiyo ilikuwa nafasi yetu ya kusikia cha mwenzako kabla hujatoa fedha nyingine.

Mezani kulikuwa na Sennheiser HD 600 na HD 650, Beyerdynamic DT 880 ya omu 600 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyozuia umeme), Grado SR80, Audeze LCD-2, HiFiMAN HE-6, na Stax ya jamii ya Lambda pamoja na amplifaya yake maalumu. Kwa upande wa amplifaya za kawaida tulikuwa na Objective2, Schiit Magni, Bottlehead Crack ya valvu (zile chupa za kioo za kukuza umeme zilizotumika kabla ya transista), amplifaya moja ya spika ya miaka mingi, na kile kiwaya kifupi cha Apple cha kuchomeka kwenye simu isiyo na tundu la hedifoni, ambacho Marekani kimekuwa kikiuzwa dola 9. Maandazi na bajia viliwekwa barazani kwa makusudi, kwa kuwa mito ya hedifoni haisafishiki mafuta kwa urahisi, na kila aliyetoka kula alinawa kwanza.

Duru ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Tulichomeka HD 650 kwenye Crack, kisha kwenye Objective2, kisha kwenye Magni, kila mtu akipandisha sauti mpaka pale alipoona panamfaa, na baada ya nusu saa karibu wote tulikuwa tumekubaliana kwamba Crack ndiyo bora: besi imejaa, mwimbaji yuko karibu, ala zimepumua. Mimi mwenyewe niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Mzee mmoja miongoni mwetu, ambaye alitengeneza redio Kariakoo kwa miaka mingi, alivaa hedifoni zile akabadilisha amplifaya mara mbili tatu bila kusema neno, kisha akauliza: "Wanangu, hii inasikika kwa sauti kubwa kuliko zile. Mmepima?" Hatukuwa tumepima.

Swali lile ndilo lililoibadilisha siku nzima. Sikio la binadamu husikia besi na sauti nyembamba vizuri zaidi kadiri sauti yote inavyopanda, kwa hiyo kifaa kilichopita kingine kwa desibeli moja tu, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, hakionekani kuwa na sauti kubwa zaidi, bali huonekana kuwa na sauti nzuri zaidi. Mzee alitoa mita yake ya umeme, tukacheza mlio mmoja usiobadilika wa hezi 300, yaani mitetemo 300 kwa sekunde, naye akapima volti kwenye plagi huku hedifoni ikiwa imechomekwa, maana amplifaya isiyo na mzigo husomeka tofauti na ile inayofanya kazi. Tulichagua hezi 300 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani wa hezi 50, na usomaji wake hupotoka kadiri masafa yanavyopanda. Crack ilikutwa iko juu ya Objective2 kwa zaidi ya desibeli mbili. Kuanzia hapo hakuna aliyegusa kidhibiti sauti bila mita, na yote ninayoyaandika hapa chini ni ya baada ya kupima.

Nianze na hedifoni zenyewe, kwa sababu tofauti kati yake ni kubwa kiasi kwamba hazihitaji mita wala masikio ya fundi. HD 600, iliyoingia sokoni mwaka 1997, bado ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa sauti ya binadamu. Tulikuwa na rekodi ya taarabu yenye fidla, kanuni, udi na mwimbaji wa kike, na kwenye HD 600 kila kimoja kilikaa mahali pake bila kumsukuma mwenzake. HD 650, iliyofuata mwaka 2003, ina sura ileile lakini sauti nyembamba zimetulia kidogo na besi imeongezeka unene, jambo linalompendeza anayesikiliza usiku kwa muda mrefu, ingawa kwangu mimi fidla ilipoteza ule ukali wa upinde kwenye waya ambao naupenda. Zote mbili ni nyepesi, HD 600 ikiwa na gramu 260 tu, na mito yake ni ya kitambaa, si ya ngozi. Kwa mkaaji wa pwani hilo si jambo dogo.

DT 880 ilinifurahisha na kunichosha kwa pamoja. Imeinuliwa kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo kanuni ilimeremeta kila waya ulipoguswa, lakini herufi ya "s" ya mwimbaji ikawa inachoma, na baada ya nyimbo tatu nilihitaji kupumzika. Mwenye nayo ni mtu wa makamo ambaye amekiri kwamba sauti nyembamba zimeanza kumpungua, na kwake yeye hedifoni hii inarudisha kitu ambacho nyingine zinamnyima. Nimeliandika hili kwa kuwa ni jambo ambalo mapitio mengi huliruka: umri wa anayesikiliza ni sehemu ya matokeo.

Grado ni kabila jingine. Inatengenezwa Brooklyn, New York, ina mito ya sponji inayokaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, na haina aibu hata kidogo. Kwa rekodi za zamani za muziki wa dansi, zile zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam, gitaa la solo lilitoka mbele kana kwamba mpigaji ameketi kwenye mkono wa kochi. Besi yake ni chache, na masikio yaliniuma kwa mgandamizo baada ya dakika arobaini hivi, lakini hakuna hedifoni nyingine mezani iliyowafanya watu watikise vichwa kwa haraka namna ile. LCD-2 ilikuwa kinyume chake kabisa: besi inayoshuka hadi chini bila kupungua, sauti za kati zenye uzito, na utulivu wa juu ambao wengine waliuita kiza. Ina uzito wa zaidi ya nusu kilo na mito ya ngozi, na mwenyeji wetu alikuwa amezima kiyoyozi ili mvumo wake usituharibie usikilizaji. Hedifoni za wazi au nusu wazi, kama zilivyokuwa zote hizi, huruhusu kila sauti ya chumba kuingia, na kunguru wa Upanga walishiriki kikamilifu. Basi niliivua LCD-2 mapema kuliko nilivyotaka, nikiwa bado nataka kuendelea kuisikiliza.

Rekodi zile za Radio Tanzania ni za mono, yaani masikio yote mawili hupewa sauti ileile, na kwa sababu hiyo zilitufaa kwa jambo jingine ambalo hatukulipanga. Sauti ya mono inapaswa kusikika katikati ya kichwa. Tulipochomeka Grado kwenye Magni huku swichi ya ukuzaji, ile inayoamua amplifaya iongeze sauti mara ngapi, ikiwa juu, mwimbaji alihamia upande wa kushoto. Tukaigeuza hedifoni, naye akahamia kulia. Kosa basi halikuwa la masikio yetu, na baadaye tuligundua si la hedifoni pia, bali la hali tuliyokuwa tumejiwekea: kidhibiti sauti cha kuzungusha, katika amplifaya nyingi za aina hii, hakiwi sawa pande zote mbili kinapokuwa mwanzo kabisa wa mzunguko wake, na hedifoni inayopokea sauti kwa wepesi kama Grado, ikikutana na ukuzaji mkubwa, inamlazimu mtu abaki pale pale mwanzoni. Tulishusha swichi, kidhibiti kikapanda hadi karibu na nusu, mwimbaji akarudi katikati. Mtu akiambiwa "chukua amplifaya yenye nguvu zaidi, haidhuru", akumbuke jambo hili.

Kuhusu amplifaya mbili za transista, nina neno fupi. Objective2 ilitolewa mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy, asiyewahi kutaja jina lake halisi, akaweka mchoro wake wazi ili atakaye aiunde, na madai yake yalikuwa kwamba amplifaya iliyoundwa vizuri haipaswi kuwa na sauti yake yenyewe. Magni ni ya kampuni inayouza kwa bei ya chini kwa makusudi. Mwenyeji alibadilisha waya nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye viti, sisi tukataja ipi ni ipi kwa HD 600, na mimi sikupatia zaidi ya mtu anayebahatisha. Wenzangu nao hali yao ilikuwa hiyohiyo, wakiwemo wawili waliofika wakiwa na uhakika kwamba Magni "ina joto zaidi". Ningemshauri anayechagua kati ya hizi mbili aangalie bei, ukubwa na adapta. Hasa adapta: mwenzetu mmoja alikwisha kupoteza amplifaya yake kabla ya siku ile kwa kuchomeka adapta ya volti 120 kwenye umeme wetu wa volti 230. Anayeagiza kutoka Marekani aulize toleo la volti 230 kwa maandishi kabla ya kulipa.

Kiwaya cha Apple kilitushangaza, na kilituchanganya pia, kwa kuwa vilikuwa viwili na kimoja kilisikika hafifu zaidi. Ilibainika kuwa kile hafifu ni toleo la Ulaya, ambalo hutoa takriban nusu volti, ilhali lile la Marekani hutoa takriban volti moja. Kwa HD 650, volti moja inatosha kuifikisha kwenye desibeli 103, kiwango ambacho hakuna sababu ya kukizoea, na kwa Grado inazidi mahitaji yote. Tulipokisawazisha na Objective2 kwa kiwango cha kawaida cha kusikiliza, nilipata shida kubwa kuvitofautisha. Kwa kijana mwenye simu na HD 600 ambaye ameambiwa kwamba bila amplifaya ya mezani anapoteza muda wake, jibu langu ni kwamba asikilize kwanza na kiwaya hiki cha toleo la Marekani, na atafute amplifaya pale tu anapofikisha sauti mwisho na bado haimtoshi.

Mahali ambapo kiwaya hicho kilishindwa waziwazi ni kwenye HE-6, na hapa hesabu inaeleza vizuri kuliko sifa. HE-6 ni hedifoni ya utando bapa: badala ya koili ndogo iliyobandikwa nyuma ya koni, ina utando mpana wenye njia za umeme zilizotandazwa juu yake, uliowekwa mbele ya safu za sumaku. Miliwati moja huipa desibeli 83.5 tu, na ukinzani wake ni omu 50. Ili vilele vya muziki vifike desibeli 110, HD 650 inahitaji takriban volti 2.2, ambazo ni miliwati 17 hivi. HE-6 inahitaji takriban volti 4.7, ambazo kwa ukinzani wake mdogo zinakuwa miliwati 450, yaani zaidi ya mara 25. Kwa sababu hiyo watu wengi huiunga kwenye amplifaya za spika, na mwenye nayo alikuja na ya kwake, kubwa kama sanduku la nguo, akiwa na waya maalumu wa kuingia kwenye vituo vya spika. Njia hiyo isijaribiwe na hedifoni nyepesi, kwani kosa dogo la kidhibiti sauti linaweza kuiunguza koili na kumuumiza msikilizaji.

Nilitarajia amplifaya ile kubwa iiamshe HE-6 kwa namna ambayo Magni haiwezi. Haikuwa hivyo. Baada ya kusawazisha, ngoma zilikuwa na kishindo kilekile, na ule upana mzuri wa sauti nyembamba ulikuwa uleule. Objective2 nayo iliibeba vizuri, ila kwa rekodi zilizorekodiwa kwa sauti ya chini ilikaribia mwisho wa uwezo wake, na pale ndipo Magni ilipostahili sifa. Nguvu ikishatosha, imetosha. Zinazobaki huwa akiba ambayo hujaigusa. HE-6 yenyewe, ikilishwa vya kutosha, ndiyo iliyonipa besi safi kuliko zote siku ile, na ndiyo pekee ambayo niliirudia mara nne.

Adhana ya Alasiri ilipotoka tulizima kila kitu, na tuliporudi mwenye Stax alituomba tuanze na rekodi ya kisomo cha Kurani. Stax ya Japani ilianza kuuza hedifoni za umemetuli mwaka 1960, na kanuni ya kazi yake haijabadilika: utando mwembamba sana wenye chaji unaelea katikati ya bamba mbili zenye matundu, na katika mifumo yake ya sasa chaji hiyo inadumishwa kwa volti 580, ndiyo maana haiingii kwenye amplifaya ya kawaida na plagi yake ina pini tano. Qari alivuta pumzi kabla ya aya, na mimi nilisikia pumzi ile ikianza, ikijaa na kukoma, kisha sauti ikatoka bila mpaka wowote kati ya kimya na herufi ya kwanza. Hakuna hedifoni nyingine mezani iliyofanya hivyo. Ngoma nzito kwayo ni nyepesi mno, na anayependa muziki wa dansi atasikitika. Tena hewa ya pwani si rafiki wa utando wenye chaji, kwa hiyo mwenzetu huihifadhi kwenye sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na vumbi kwake ni adui wa kila siku. Hatukuweza kulinganisha amplifaya kwa Stax, kwa kuwa iliyokuwapo ni hiyo moja, na sitatoa hukumu juu ya nisichokisikia.

Tuliirudia Crack mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyotudanganya asubuhi na tulitaka kuitendea haki. Huuzwa kama vipande ambavyo mnunuzi anaviunganisha mwenyewe, ina valvu mbili, 12AU7 na 6080, na haina transfoma ya kutolea sauti. Mzee aliitazama ile ndogo akacheka kwa furaha. "Hii sisi tulikuwa tunaiita ECC82," alisema, "nimezibadilisha kwenye rekoda za tepu wengi wenu hamjazaliwa." Ikiwa imesawazishwa, Crack haikuwa tena mshindi wa wazi, lakini tofauti yake na Objective2 kwa HD 650 ilibaki, nami niliitambua nyuma ya kanga karibu kila mara. Besi ya juu ilikuwa nene kidogo, na sauti ya mwimbaji wa kiume ikapata kifua. Kwa Grado ilikuwa kazi bure: besi ilivurugika na sauti ikasinyaa. Kwa LCD-2 sauti ilishuka mno, na kidhibiti kikalazimika kwenda juu kabisa.

Mzee alitueleza sababu kwa penseli nyuma ya daftari langu. Ukinzani wa kutolea sauti wa Crack, yaani wa upande inakochomekwa hedifoni, ni takriban omu 120. HD 650 huandikwa omu 300, lakini karibu na hezi 80 hadi 100 ukinzani wake hupanda hadi kiasi cha omu 500, na kwa kuwa umeme hugawanywa kati ya amplifaya na hedifoni kulingana na ukinzani wa kila mmoja, sehemu ile ya besi hupata mgao mkubwa kuliko masafa mengine. Ukipiga hesabu unapata nyongeza ya desibeli moja hivi. Hedifoni za utando bapa, LCD-2 ikiwa mojawapo, zina ukinzani usiobadilika kwa masafa, kwa hiyo hazipati besi ya ziada, zinapoteza sauti tu. Mimi nilikubali hesabu ile, lakini mwenye Crack hakukubali kwamba desibeli moja ndiyo inayoeleza kila kitu anachokipenda, na alikuwa na haki ya kutaka ushahidi.

Mzee alifungua kisanduku chake cha vipuri, akachagua rizista mbili (vipuri vya kuzuia umeme) za omu 120, akazilehemu kwenye waya mfupi wenye plagi upande mmoja na tundu upande mwingine, na tukauweka kati ya Objective2 na HD 650, ili Objective2 nayo iwe na ukinzani kama wa Crack. Tukapima upya kwa hezi 300, tukasawazisha, kanga ikashushwa. Kwa taarabu nilishindwa kabisa kujua ipi ni Crack. Kwa kisomo pia. Kwa rekodi moja ya ngoma, pale vishindo vilipofuatana kwa kasi, nilidhani Crack ilikuwa laini zaidi mwanzoni mwa kila pigo, nami nilipatia mara kadhaa, ingawa si mara za kutosha kuapa. Mwenye Crack alisikiliza kwa muda mrefu kuliko sisi sote, akavua hedifoni, akakaa kimya, akavaa tena. Kisha alisema kwamba amplifaya yake hatoiuza, kwa sababu ameiunganisha kwa mikono yake na anapenda kuiona ikiwaka usiku, na akamwomba Mzee amwachie ule waya wenye rizista mbili.

Mimi nilikuwa nimetenga fedha kwa ajili ya amplifaya ya pili. Kabla ya kuondoka nilimuuliza mwenye HE-6 kama angependa kuiuza, akaniambia nirudi mwezi Septemba.